Baba, Tata na Kisanduku cha Fomu

Katika Ekegusii, baba ni mama. Kwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya neno hilo humwita mama mzazi, naye baba mzazi huitwa tata. Mtoto wa Keroka anayelia "baba" mlangoni mwa jikoni anamlilia aliyembeba mgongoni. Mpe basi bibi kizee wa Borabu, aliyeishi miaka yake yote ndani ya Ekegusii, fomu ya Kiswahili yenye nafasi ya "Jina la baba", na anaweza kukutajia kwa moyo mweupe jina la mama yake. Karani aliyezaliwa pande hizo ataling'amua kosa kabla wino haujagusa karatasi. Atauliza tena, safari hii akisema tata. Karani mgeni ataandika alichosikia. Kompyuta itafanya vibaya kuliko karani mgeni: itatazama jina la kisanduku kwenye fomu, itatafuta jina lile lile kwenye rekodi iliyo ndani yake, itayakuta yanafanana herufi kwa herufi, na italihamisha jibu bila kuuliza.

Historia ninayosimulia ni ya kuhamisha huko. Watengenezaji wa programu hukuita kufunga fomu kwenye objekti: maneno yaliyoandikwa na mtu kwenye ukurasa wa tovuti yanachukuliwa, yanageuzwa, na kukabidhiwa kitu kilicho ndani ya programu ambacho kinasimama badala ya mtu, shamba, mzigo wa chai au ziara ya kliniki. Ni kazi isiyomaliza sekunde. Imepita mikononi mwa Wanorwei, Waingereza, Wamarekani na Waganda kabla ya kufika kwenye dirisha la usajili huku magharibi mwa Kenya.

Fomu zenyewe zilifika Gusii mapema zaidi, na zilifika zikiwa za chuma. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la aliyemwajiri na mshahara aliolipwa, ikiwa imekunjwa ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Ukiisoma orodha ile ya maswali unaona ni nani aliyeuliza. Maswali yaliyopewa uzito hayakuwa yale ambayo Mgusii angeyataja kwanza alipoulizwa yeye ni nani. Kuna nafasi ya bwana wake. Wanawake hawakuwemo kabisa, na iliwabidi wangoje hadi mwaka 1978 ndipo sheria ya Kenya huru ilipowaruhusu kuandikishwa kwa kitambulisho. Kwa miaka hiyo yote fomu ya serikali haikuwa na umbo la kumpokea mwanamke aitwaye Kwamboka wala Moraa.

Hospitali nayo ilikuwa na rejista zake. Hospitali kuu ya mji wa Kisii, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa, ilianza mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, ikiwa ya kuwauguza majeruhi. Katika hospitali za namna hiyo karani aliketi na kitabu kikubwa chenye mistari, akimsikiliza mgonjwa aliyesema Ekegusii, na kuandika kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyefunga fomu kwenye objekti enzi hizo, na kazi yake ilihitaji akili nyingi kuliko cheo chake kilivyoonyesha. Ekegusii hakina sauti ya l. Aliyebatizwa Luka hujitaja Ruka, na karani aliamua herufi. Mwanamke aliolewa akaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, na karani aliamua kama aandike jina hilo au lile la nyumbani kwao. Mzee alisema alizaliwa nzige walipoingia, na karani, akijua nzige walitanda Kenya kati ya mwaka 1928 na 1931, aliandika mwaka. Alipokosea alipiga mstari mmoja juu ya kosa, akaandika pembeni, akatia sahihi. Kosa lilibaki likisomeka. Naomba msomaji aukumbuke mstari ule, maana tutaurudia.

Miongo michache baadaye, mbali sana na Gusii, huko Norwei, watu wawili walikuwa wakifikiria jinsi ya kuifanya kompyuta ifikiri kwa vitu badala ya kwa namba tupu. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakiwa katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei mjini Oslo, walitaka kuiga mambo ya dunia, mathalani foleni ya watu au meli zinazoingia bandarini, na lugha walizokuwa nazo hazikuwatosha. Lugha yao, Simula 67, ilileta wazo ambalo leo linatawala: programu iundwe kwa objekti, kila moja ikibeba habari zake pamoja na tabia zake. Mstari wa rejista hukaa tu. Objekti ya mgonjwa hujua kuhesabu umri wake, hukataa kuzaliwa kesho kutwa, na huweza kuulizwa ilihudhuria kliniki mara ngapi. Baadaye waandishi wa fani hii, Eric Evans akiwa mmoja wao katika kitabu chake cha mwaka 2003, walisisitiza kwamba objekti hizo zitumie lugha ya wenye kazi. Programu ya hospitali izungumze habari za mgonjwa, hudhurio na agizo la dawa. Programu ya kiwanda cha chai izungumze habari za mkulima, kituo cha kununulia na kilo.

Tovuti ilikuja na desturi nyingine. Fomu ziliingia kwenye kurasa za tovuti mwaka 1993, na kanuni zake ziliwekwa rasmi katika toleo la pili la lugha ya HTML, Novemba 1995. Kanuni hizo zilikuwa rahisi kwa makusudi: ukibonyeza kitufe cha kutuma, kivinjari hukusanya visanduku vyote, kila kimoja kikiwa na jina na maandishi yaliyomo, na kuvituma vikiwa vimefungwa katika mnyororo mmoja mrefu wa herufi. Kila kitu ni maandishi. Umri wa miaka 34 ni alama ya 3 na alama ya 4 zikiwa zimekaa pamoja. Tarehe ni herufi na mikwaju. Kisanduku cha ndiyo au hapana kisichowekwa alama hakitumwi kabisa, kwa hiyo hapana na ukimya havitofautiani. Upande mmoja wa mto kuna maandishi matupu, upande wa pili kuna objekti yenye umri ulio namba, tarehe iliyo tarehe, na masharti yake. Daraja halikuwepo.

Miaka ya kwanza mtengenezaji wa programu alivuka kwa kuogelea. Aliandika kwa mkono: chukua kisanduku cha jina, kiweke kwenye jina, chukua kisanduku cha umri, angalia kama ni tarakimu, kigeuze, kiweke kwenye umri. Fomu yenye visanduku 60 ilidai mistari mamia, yote ikifanana, na mahali penye mistari mingi inayofanana ndipo jicho linapochoka. Mtu alinakili mstari wa uzito, akasahau kubadilisha neno moja, na urefu wa mgonjwa ukaandikwa kwenye nafasi ya uzito.

Daraja lilijengwa kwa majina. Kampuni ya Sun ilipotoa kanuni za JavaBeans kwa lugha yake ya programu, Java, katikati ya miaka ya 1990, ilikubaliwa kwamba objekti ya Java yenye sifa fulani iwe na njia mbili zenye majina yanayotabirika, moja ya kusoma sifa hiyo na nyingine ya kuiweka. Kwa kuwa Java huweza kujichungulia yenyewe ikiwa inakimbia, programu nyingine ingeweza kuiuliza objekti: una sifa zipi? Basi kama fomu ina kisanduku kiitwacho umri, na objekti ina njia ya kuweka umri, mashine iviunganishe yenyewe. Kurasa za tovuti za JSP, zilizotegemea Java, zilipotoka mwaka 1999 zilimruhusu mwandishi kuweka alama ya nyota badala ya jina, na nyota hiyo ilimaanisha: chukua kila kilichokuja kwenye fomu, kiweke popote kinapofanana. Mistari mamia ikawa mstari mmoja.

Naelewa furaha ya siku zile. Naelewa pia kwa nini Craig McClanahan, aliyeanzisha Struts, programu ya kujengea tovuti kwa Java, na kuikabidhi kwa Apache mwaka 2000, hakuiamini nyota moja kwa moja. Struts iliweka objekti ya kati, objekti ya fomu, iliyopokea maandishi kwanza yakiwa maandishi. Mtengenezaji aliyakagua, kisha akayahamisha mwenyewe kwenye objekti ya kweli. Watu wengi walichoka na kuandika kila kitu mara mbili. Rod Johnson alikuwa miongoni mwa waliochoka. Katika kitabu chake cha mwaka 2002 alionyesha njia nyepesi zaidi, na kutokana na mifano ya kitabu hicho ikazaliwa Spring, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Machi 2004. Spring ilisema fomu ifungwe moja kwa moja kwenye objekti ya mgonjwa, hata kwa kuzama ndani: jina la kisanduku likiwa na nukta, mashine ifuate nukta hizo kama mtu anayefuata kijia kutoka boma hadi mto, mgonjwa, kisha anwani yake, kisha kijiji. Tarehe igeuzwe na mgeuzaji aliyesajiliwa. Makosa yakusanywe na kurudishwa kwenye fomu, na kila kosa likae kando ya kisanduku chake.

Mwaka huo huo wa 2004 ndipo uzi wetu uliposhuka Kenya. Magharibi mwa nchi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret na washirika wake wa Chuo Kikuu cha Indiana walikuwa wakihudumia wagonjwa wa VVU walioongezeka upesi kuliko karatasi. Walikwisha kujaribu: mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kiliwekewa mfumo mdogo wa kumbukumbu uliojengwa juu ya Microsoft Access. Ulifanya kazi, lakini kila swali jipya la daktari lilidai safu mpya kwenye jedwali. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief waliona kwamba kwa mwendo huo hakuna atakayefika mbali, wakaanza upya. Wakiungana na wenzao wa Partners In Health na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, wakajenga OpenMRS, kwa Java, kwa Spring, na kwa msimbo ulio wazi kwa wote. Februari 2006 mfumo huo ulianza kazi Eldoret.

Ndani yake kuna uamuzi ambao nauheshimu. Waanzilishi hawakumpa mgonjwa sifa ya kila swali. Walitengeneza objekti chache: mtu, mgonjwa, hudhurio, na uchunguzi. Uchunguzi ni jibu moja kwa swali moja siku moja, na maswali yenyewe yanakaa katika kamusi ya dhana ambayo wenyeji wanaweza kuiongezea bila kugusa programu. Shinikizo la damu ni dhana. Idadi ya seli za CD4 ni dhana. Kama Nyamira wanataka kuuliza jambo ambalo Eldoret hawaulizi, wanaongeza dhana. Faida yake ilikuwa kubwa, ila iliivunja nyota: fomu haikuweza tena kufungwa kwa majina, maana mgonjwa hana sifa iitwayo shinikizo la damu. Ana rundo la chunguzi, na moja kati yao inazungumzia shinikizo la damu.

Kwa hiyo njia mpya zilitafutwa. Mwanzoni fomu ziliundwa kwa programu ya Microsoft iitwayo InfoPath. Jibu la karani liligeuzwa kuwa ujumbe wa HL7, lugha ya kubadilishana habari za hospitali, likapanga foleni, ndipo likafanywa kuwa objekti. Mganda Daniel Kayiwa alileta njia ya XForms, iliyowaondolea watu wa Afrika Mashariki mzigo wa kununua programu ya Microsoft. Watu wa Partners In Health wakaleta fomu za HTML zenye alama maalumu: mtu anaandika ukurasa wa kawaida, anapotaka swali anaweka alama yenye namba ya dhana, na mfumo unajua kwamba kitakachoandikwa hapo kitakuwa uchunguzi wa dhana hiyo katika hudhurio hili la mgonjwa huyu. Hapo kufunga kwa herufi kukawa kufunga kwa maana. Kisanduku chaweza kuandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili au Ekegusii. Namba iliyo nyuma yake haibadiliki. Aliyeandika baba akimaanisha mama atakuwa amekosea lebo tu, na lebo husahihishwa.

Gusii iliufahamu mfumo huu zaidi kwa jina la KenyaEMR. Ni OpenMRS iliyofungashwa kwa mahitaji ya Wizara ya Afya, kwa kazi ya I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington na fedha za mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2014 ilisambazwa katika vituo zaidi ya 300, vingi vikiwa magharibi mwa Kenya. Seva iliwekwa ndani ya kituo chenyewe, si mahali pa mbali, kwa sababu intaneti ya vilimani haikuweza kuaminiwa na mgonjwa hawezi kungojea mtandao urudi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuingiza kadi za bluu. Yeyote aliyefanya kazi katika kliniki ya VVU nchini anaijua kadi ya bluu, fomu namba 257 ya wizara: upande mmoja habari za mgonjwa, upande wa pili mistari ya ziara, uzito, dawa, tarehe ya kurudi. Makarani wa data walikaa na marundo ya kadi hizo, nyingine zimelowa, nyingine zimeandikwa na wauguzi watano tofauti, wakichapa miaka ya watu. Kila kadi iliuliza swali lile lile la karani wa rejista ya zamani: huyu aliyeandikwa hapa na yule aliyeandikwa pale, ni mtu mmoja?

Hapa fomu ya usajili ya KenyaEMR ilichukua njia ambayo Struts ingeitambua. Haimgusi mgonjwa moja kwa moja. Kuna objekti ya fomu mlangoni, inayopokea majina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, namba, anwani na jamaa wa karibu. Inakagua kwamba tarehe ya kuzaliwa haiko mbele ya leo, wala haijarudi nyuma kupita umri wa binadamu. Inakagua namba ya mgonjwa wa kliniki, ambayo ina tarakimu 10, tano za mwanzo zikiwa namba ya kituo kwenye orodha ya taifa na tano za mwisho zikiwa nafasi ya mgonjwa katika kituo hicho. Fomu ikikubaliwa, ndipo objekti hiyo ya mlangoni inapomjenga mgonjwa au kumrekebisha.

Ulinzi huo wa mlangoni una sababu. Machi 2012 kijana Mrusi, Egor Homakov, aliuonyesha ulimwengu hatari ya nyota. Alikuwa amewaeleza watengenezaji wa Ruby on Rails, programu nyingine ya kujengea tovuti, kwamba mtindo wao wa kufunga fomu yote kwenye objekti unaacha milango wazi, na hawakuona haja ya kuubadilisha. Basi alikwenda kwenye tovuti ya GitHub, inayohifadhi misimbo ya programu, kwenye fomu ya kuongeza ufunguo wa umma, akaongeza kwenye ujumbe wake kisanduku ambacho fomu haikuwa nacho: namba ya mtumiaji mwenye haki ya kuandika kwenye mradi wa Rails wenyewe. Tovuti ilikuta jina linafanana na sifa ya objekti, ikaliweka. Ufunguo wake ukawa wa mtu mwingine. Rails 4, mwaka uliofuata, ikawalazimisha waandishi kutaja wazi visanduku vinavyoruhusiwa.

Fikiria jambo hilo katika kliniki. Objekti ya mgonjwa ina sifa nyingi ambazo fomu ya dirishani haizionyeshi: nani alimsajili, lini, kama rekodi imefutwa, kama mtu amefariki. Fomu ikifungwa kwa nyota, yeyote mwenye kuingia kwenye mfumo, hata kwa kazi ndogo tu ya kubadilisha namba za simu, angeweza kutuma kisanduku cha ziada na kumtangaza aliye hai kuwa amefariki. Ni kama kumkaribisha mgeni sebuleni na kumwachia funguo za ghala la wimbi kwa sababu tu zinaning'inia kwenye ukuta ule ule. Tena habari zinazokaa humo ni za VVU. Katika kijiji ambako kila mtu anamjua mwenziwe na ukoo wake, kuvuja kwa habari moja kunaweza kuvunja ndoa na kumfanya mtu aache dawa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 iliziweka habari za afya katika kundi linalodai ulinzi wa juu zaidi, lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu ambaye objekti yake haikufungiwa mlango.

Spring yenyewe ilionja shubiri. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kwa kuwa mashine hufuata nukta, mtu angeweza kuandika jina la kisanduku linalopita kutoka objekti ya fomu hadi klasi yake, yaani kiolezo kilichoiunda, na kutoka klasi hadi kwenye kipakiaji kinachopakia programu nzima. Njia hiyo ilizibwa kwa kukataza jina moja mahususi. Kisha Java 9 ikaleta dhana ya moduli, na moduli ikafungua uchochoro mpya wa kufika pale pale. Mwisho wa Machi 2022 uchochoro huo ulitangazwa, ukapewa jina la Spring4Shell, na kwa siku chache watengenezaji dunia nzima walikosa usingizi wakisubiri matoleo ya kuuziba, 5.3.18 na 5.2.20. Mashine zilizobaki kwenye Java 8 hazikuingilika kwa njia ile. Nadhani aliyefuatilia kwa makini alijifunza kwamba kukataza majina mabaya moja moja hakutoshi, kwa sababu kesho huzaliwa jina lingine. Ni afadhali kuandika orodha ya majina yanayoruhusiwa na kulifungia kila jina lingine nje. Nyaraka za Spring zilikuwa zikishauri hivyo tangu zamani.

Wakati kliniki zikipata objekti zao, hesabu za mwezi nazo zilibadilika. Mwaka 2011 Kenya ilipeleka nchi nzima kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, chuo ambacho Dahl na Nygaard walifundisha. Fomu namba 711 na 731, zilizokuwa zikisafiri kwa matatu ndani ya bahasha kutoka zahanati hadi wilayani, zikaanza kujazwa kwenye kivinjari. DHIS2 nayo ni Java, na katika miaka yake ya mwanzo ilifunga fomu zake kwa WebWork, kisha kwa Struts ya pili iliyotokana nayo. Kwa hiyo muuguzi wa Nyansiongo aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi alikuwa akitumia wazo lililoondoka Oslo miaka arobaini na ushei kabla, likazunguka California, na kurejea kupitia Oslo ile ile.

Mipaka ya ndani ya nchi ilikuwa ikihama pia. Nyamira, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Kisii hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, iligeuka kaunti kamili baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Mtu aliyeandikishwa Kisii bila kuhama hata hatua moja alijikuta ana anwani nyingine. OpenMRS ilikuwa na bahati hapa, au niseme ilikuwa na hekima: nafasi moja ya anwani yake iliitwa tangu mwanzo kwa maneno mawili, kaunti na wilaya pamoja, na nyingine hazina jina lolote, zina namba tu, ili kila nchi izipe maana inayotaka. Kenya ilizipa kata na kata ndogo. Iliongeza pia alama ya karibu, na kwetu hiyo ndiyo anwani halisi: karibu na kanisa, juu ya kiwanda cha majani chai, ukishuka mtoni upande wa migomba.

Lakini kitu ninachokipenda zaidi katika mfumo huu ni kidogo sana, na hukaa chini ya tarehe ya kuzaliwa. Java ya zamani iligeuza tarehe kwa ukarimu wa ajabu: ukiipa tarehe 31 Februari haikukataa, iliipeleka Machi. Ukiiacha na desturi za Marekani, tarehe 3 Aprili ikawa 4 Machi. OpenMRS ilitulizana kwenye desturi ya Uingereza, siku kwanza, kama tunavyoandika sisi. Hata hivyo hakuna desturi inayomsaidia magokoro, yaani bibi, asiyejua siku. Objekti ya tarehe inadai siku, mwezi na mwaka. Ukiiacha wazi, fomu inagoma. Ukimbunia tarehe 1 Januari, umemwandika uongo, na kila atakayesoma baadaye ataamini.

Waanzilishi wa OpenMRS walimpa mtu sifa ya pili kando ya tarehe: ndiyo au hapana, tarehe hii ni ya kukadiria. Karani anaweza kuandika umri tu. Mfumo unahesabu mwaka, na alama ya kukadiria inabaki karibu na tarehe hadi karani aiondoe. Objekti inajua kwamba haijui. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya programu iliyomsikiliza mzee kama alivyosikilizwa na karani wa rejista, aliyeusikia mwaka wa nzige na hakumcheka.

Basi chukua asubuhi moja dirishani. Bibi amekuja na mjukuu wake. Jina: Kerubo. Jina la pili: la mume, au la tata? Karani anauliza kwa Ekegusii, bibi anataja yote mawili, na mfumo unayapokea yote mawili, maana mtu mmoja anaruhusiwa kuwa na majina zaidi ya moja, moja likiwa ndilo linalotangulizwa. Umri: anasema alikuwa ameolewa tayari bendera iliposhushwa mwaka 1963. Karani anahesabu, anaandika 80, kisanduku cha kukadiria kinapata alama. Miezi sita baadaye mjukuu anarudi na cheti cha ubatizo kilichokutwa ndani ya Biblia ya zamani, chenye siku na mwezi. Karani anafungua fomu ile ile, anaandika tarehe, anaondoa alama. Na jina lililokuwa limekosewa herufi mwanzoni halifutwi. Linabaki ndani ya mfumo likiwa limebatilishwa, na kando yake kuna siku ya kubatilishwa, jina la karani aliyebatilisha, na sababu aliyoiandika kwa maneno yake.